Amani kwa Miguu, Ramani Mfukoni

Basi la kwenda Amani hujaa Muheza kabla halijaondoka. Juu ya keria hupangwa magunia ya sukari, ndoo za mafuta ya kula, godoro lililofungwa kamba na mabati ya mtu anayeezeka nyumba yake huko mlimani. Chini, wauza machungwa hupitisha mifuko madirishani, maana Muheza ndiyo nchi ya machungwa na abiria hatarajiwi kuondoka mikono mitupu. Nilipata kiti cha dirishani, nikafungua simu na kubonyeza kitufe cha kurekodi njia. Kuanzia hapo, kila baada ya sekunde chache, simu iliandika latitudo, longitudo, urefu kutoka usawa wa bahari, na saa.

Mama aliyekaa pembeni yangu aliuona mstari ukikua kwenye kioo, akauliza kama bando langu halitaisha kabla ya kufika. Ni swali ambalo watu wengi wanalo, na jibu lake linastahili kujulikana na kila msafiri: simu haihitaji bando ili ijue ilipo. Inapokea tu mawimbi ya setilaiti zinazopita angani, na ikizipata nne au zaidi hupiga hesabu yenyewe. Huduma hiyo ni ya bure. Mpaka mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiyachafua makusudi mawimbi ya GPS yanayowafikia raia, usahihi wote ukabaki kwa jeshi. Mwezi Mei mwaka huo Rais Bill Clinton akaamuru uchafuzi huo ukome. Leo simu ya kawaida, ikiwa uwanjani penye anga wazi, hukosea kwa mita tano hivi. Bando linahitajika kuleta ramani yenyewe, na hiyo mimi nilikuwa nimeshaipakua Tanga mjini nikiwa na mtandao wa uhakika.

“Kwa hiyo hata kule juu mtandao usikoshika utajua ulipo?” akauliza.

“Nitajua, mama.”

“Basi ukifika utuwekee na zahanati yetu humo.”

Lami ilipoisha vumbi likaanza, na baada ya vumbi ukaja ubaridi. Barabara hufuatana na mto Zigi kwa muda mrefu, upande mmoja maji, upande mwingine ukuta wa miti. Penye geti la hifadhi, Zigi, pana nyumba ya mbao iliyokuwa ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni, jirani na Muheza, mpaka hapa, wakaitumia kuteremsha magogo. Reli imekwisha, nyumba ikakarabatiwa, na sasa wageni hupokelewa humo. Hapo simu ilisoma urefu wa mita 450 hivi. Kituo cha Amani kiko karibu mara mbili ya hapo, na kati ya sehemu hizo mbili barabara inapanda kwa kona kali mno, hata mstari wangu kwenye kioo ulionekana kama uzi uliofumuka kwenye sweta.

Usambara Mashariki ni milima ya zamani sana, na mvua ya Bahari ya Hindi ndiyo inayoilisha. Misitu yake ina mimea na wanyama wasiopatikana kokote kwingine duniani. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini. Ndani yake na kando yake watu wanaishi: wanalima iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu, migomba na magimbi, na wengine wanachuma chai kwenye mashamba makubwa upande wa Kwamkoro. Kituo chenyewe cha Amani ni cha mwaka 1902, kilipoanzishwa na Wajerumani kwa utafiti wa kilimo. Waliipanda bustani ya miti kutoka pembe nyingi za dunia, na hadi leo ukipita humo unakutana na mti wa Asia umesimama bega kwa bega na mti wa Amerika, yote miwili ikiwa imezoea ukungu wa hapa. Waingereza walipoichukua nchi waliendeleza kazi. Hapa hapa H. H. Storey na wenzake walihangaika na batobato na michirizi ya kahawia ya mihogo, na mwaka 1936 Storey aliuandika ugonjwa huo wa michirizi kwa mara ya kwanza. Mkulima wa muhogo wa Mtwara au Kilifi ana deni fulani na mlima huu, ingawa pengine hajawahi kulisikia jina lake.

Jioni ya kwanza, nikiwa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, niliufungua mstari wa siku na kuutazama wote, kutoka Muheza hadi hapo. Mkoa huu wa Tanga una sehemu yake katika historia ya ramani za Afrika, na sehemu hiyo inahusu hasa jambo nililokuwa nalifanya. Mwaka 1854 mmisionari Jakob Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa. Tanga wakati huo ilikuwa mlango wa misafara, na yeye akawa anawauliza wafanyabiashara na wapagazi waliorudi bara: mlipita wapi, siku ngapi, mlikuta maji gani? Kutokana na masimulizi hayo, yeye na Johannes Rebmann walichora ramani iliyowashangaza wasomi wa Ulaya. Katikati ya bara waliweka ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ramani hiyo ilichangia kuwaleta Richard Burton na John Speke, ambao mwaka 1857, kabla hawajaelekea bara, walipanda kwanza Usambara kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, huko Vuga. Mwaka uliofuata ikajulikana kuwa lile ziwa moja ni zaidi ya moja.

Watu huicheka ramani ile. Mimi naona wafanyabiashara wa Tanga hawakusema uongo hata kidogo. Aliyefika Ujiji alisema amekuta maji makubwa, na kweli ameyakuta. Aliyefika Nyasa alisema vivyo hivyo, naye kweli. Kosa lilizaliwa mezani, pale kweli za watu wengi zilipounganishwa na mtu ambaye hakuzipita njia hizo, bila namna ya kujua kila msimulizi alisimama wapi. Na majina ya wasimulizi hayakuandikwa kwenye kichwa cha ramani. Yaliandikwa ya waliochora.

Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, nayo inajengwa kwa masimulizi ya wapitaji. Kila mtu anaruhusiwa kuchangia: njia aliyoipita, kisima alichokunywa, jina la kitongoji chake. Programu kama OsmAnd na Organic Maps huichukua ramani hiyo na kukupa ukaitumie hata usipokuwa na mtandao. Tofauti na wakati wa Erhardt ni kwamba leo msimulizi haachi neno tupu. Anaacha mstari wenye mahali na saa, na badiliko lolote linabaki na jina la mtumiaji aliyelifanya, mwingine akija baadaye akalipima na kulisahihisha. Kwa sababu hiyo nairekodi safari yangu kwa uangalifu. Mstari wangu si kumbukumbu yangu peke yangu. Ukishapandishwa, kuna mtu ataufuata kwa miguu yake.

Asubuhi tuliingia msituni na mwongoza wageni, mtu wa kijiji cha jirani aliyezaliwa na kukulia hapo hapo. Barabara ya magari imo kwenye ramani zote. Njia za miguu ndizo zilizonileta, na nyingi kati ya zile tulizopita hazikuwemo kwenye ramani niliyokuwa nayo. Tulishuka kwenye kijia cheusi chenye majani yaliyolowa, mitambara mikubwa ikiwa imesimama juu yetu na mizizi yake imetoka ardhini kama kuta za chumba. Mbega waliruka juu kwa juu bila kutujali. Hondohondo alipita, hatukumwona, tulisikia mbawa zake tu. Mwongoza wangu alikuwa na macho ya kumwona kinyonga mdogo kwenye tawi ambalo mimi nililitazama mara tatu nikaona tawi.

Msitu wa namna hii ni mgumu kwa simu. Majani mazito yenye maji huyadhoofisha mawimbi ya setilaiti, na mengine hugonga vigogo na miamba kwanza ndipo yafike, hivyo hesabu ya umbali inaharibika. Nilipoutazama mstari wangu, ulikuwa unarukaruka: hapa umetupeleka ng'ambo ya korongo ambalo hatukuvuka, pale umetuzungusha tulipokuwa tumesimama kunywa maji. Urefu nao hudanganya zaidi ya mahali. Dawa yake ni subira. Ukifika penye uwazi, mti ulipoanguka na anga ikaonekana, simama. Iache simu itulie kidogo, halafu weka alama. Ukirudi kwa njia ile ile, irekodi tena, kisha uilinganishe mistari miwili. Palipo na ukweli hukutana, palipo na makosa huachana. Na betri ilindwe: zima laini, punguza mwanga wa kioo, beba pawabenki. Simu iliyozima katikati ya msitu imekupokonya ramani pamoja na tochi.

Niliweka alama kwenye daraja la magogo. Nikaweka kwenye njia panda, ambapo kushoto unakwenda kijijini na kulia unapanda kilima cha Mbomole. Nikaweka kwenye jiwe ambalo wachumaji wa iliki hulipumzikia na mizigo yao. Kila mara nilimuuliza mwenyeji wangu, “Hapa mnapaitaje?” na aliponitajia niliandika kama alivyotamka. Setilaiti inaweza kupiga picha ya paa la bati na mtu aliyeko Ulaya akalichora akiwa ofisini kwake. Jina la mahali haliko kwenye picha, liko kwa wenyeji, na msafiri asiyeuliza anarudi na mstari usio na watu.

Kisha tukaufikia mkondo mmoja mwembamba kwenye kivuli kizito. Mwongoza wangu alinyoosha kidole bila kusema kitu. Kwenye mwamba uliofunikwa kuvumwani ya kijani, juu kidogo ya maji, palikuwa na maua madogo ya zambarau, petali tano kila moja, katikati vidoti viwili vya njano. Majani yake ni manene, ya mviringo, na yana manyoya laini yaliyokamata matone ya ukungu. Unaweza kuyafunika yote kwa kiganja. Ni maua ambayo mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona katika sehemu hizi akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akayaita Saintpaulia, kwa jina la ukoo huo. Kutoka hapo yakaenea Ulaya na Marekani, na leo mamilioni ya madirisha ya huko yana chungu cha maua haya. Kwenye misitu yenyewe aina zake kadhaa zimo hatarini, kwa sababu kila moja hutaka kivuli chake, mwamba wake na unyevu wake, na zipo zinazojulikana katika eneo dogo sana tu.

Nilitoa simu ili nipige picha. Kidole kilikuwa tayari kinaelekea kwenye kitufe cha alama.

“Hapa usiweke, kaka,” akasema. “Mto weka, njia weka. Hapa piga picha tu.”

Nikamuuliza kama kuna watu wanaokuja kuyang'oa. Hakunijibu moja kwa moja. Alinikumbusha Sakale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilivuma habari kwamba kule Sakale, katika milima hii hii, kuna dhahabu kwenye vijito. Hakukuwa na ramani ya simu wakati ule. Lilikwenda neno la mdomo tu. Wachimbaji walimiminika kutoka kila upande, vijito vikafukuliwa na miti ikakatwa mpaka serikali ilipowaondoa. “Neno tu lilitosha,” akasema. “Wewe unayo na namba za mahali.”

Alichokisema ndicho ninachotaka kila msafiri mwenye simu akibebe. Kuweka alama kwenye ramani ya wote ni kuwafungulia mlango watu usiowajua, wa leo na wa miaka ijayo, na mara nyingi mlango huo si wako. Wanasayansi wamelielewa jambo hili. Ukiandikisha mmea au mnyama aliye hatarini kwenye iNaturalist, mfumo wenyewe huficha mahali halisi na kuonyesha eneo lenye upana wa kilomita 22 hivi. Msafiri wa kawaida hana mfumo wa kumlinda, ana busara yake tu. Tena asidhani kutoweka alama kunatosha, maana picha yenyewe hubeba mahali ilipopigwa ndani ya faili lake. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hiyo huondolewa. Ukiituma kama hati, inakwenda nayo. Pale pale kando ya mkondo niliizima kamera isiandike mahali, ndipo nikapiga.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema basi tufiche kila kitu, tuwaachie wenyeji milima yao bila ramani. Wanaosema hivyo aghalabu wanaishi mahali ambapo gari la wagonjwa linaijua nyumba yao. Yule mama wa kwenye basi alijua anachotaka aliponiambia niweke zahanati, na niliiweka, mlango wake na njia ya gari inayoufikia. Mkoani Mara, mradi wa Crowd2Map umefanya kazi hii tangu 2015: watu wa kujitolea duniani wanachora nyumba na barabara kutoka kwenye picha za setilaiti, na wenyeji wenye simu wanaongeza majina ya vijiji, shule na maduka. Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, hutumia ramani hizo kuwafikia wasichana wanaokimbia kukeketwa. Msichana akipiga simu usiku na kutaja kitongoji ambacho hakimo kwenye ramani yoyote, dereva wa uokoaji aende wapi? Kule, jina moja lililoandikwa mahali pake linaweza kuwa ndilo lililomfikisha mtu kwa wakati.

Basi kazi ya msafiri ni kuchagua, kwa kila alama peke yake, na kuchagua pamoja na mwenye mahali. Nilifanya hivyo usiku ule. Kwanza nilikata mwanzo na mwisho wa mstari ili nyumba niliyolala isionekane, wala saa niliyotoka na kurudi. Mwezi Januari 2018 dunia iligundua kuwa ramani ya Strava, iliyokusanya mistari ya wakimbiaji, ilikuwa imeonyesha kambi za kijeshi Afghanistan na Syria, kwa sababu tu askari walikuwa wakikimbia mazoezi na saa zao mkononi. Kama mstari unaweza kuifichua kambi, utaifichua na nyumba ya mjane anayepokea wageni. Kisha nikaondoa kipande kinachokwenda kwenye mkondo wa maua. Nikanyoosha palipoharibiwa na miti, nikiongozwa na mistari yangu miwili. Ndugu na marafiki nilikusudia kuwapelekea kiungo chenye picha na maelezo nikisharudi, si wakati niko njiani. Sioni haja ya watu kujua kila saa niko kona gani ya mlima.

Sikupandisha chochote kabla ya kumwonyesha mwenyeji wangu. Tulikaa kwenye kibanda cha chai asubuhi iliyofuata, vitumbua mbele yetu, simu katikati ya meza. Aliusogeza mstari kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayehesabu shanga.

“Hapa umekosea,” akasema. “Njia yapita chini ya mgomba, haipandi hivi. Hiki kipande cha juu ni shamba la shangazi yangu. Ukikiacha hivi, wageni watakanyaga iliki yake.”

Nikausogeza mstari kama alivyosema. Akakubali daraja, njia panda na jiwe la wachumaji. Jina moja la kilima akalirekebisha herufi, akawaita wazee wawili waliokuwa wanakunywa chai wathibitishe. Wakabishana kidogo, wakakubaliana, nikaandika. Aliomba nimtumie faili lote kwenye simu yake kwa Bluetooth, akalifungua palepale, akazunguka nalo nje kuona kama nukta yake inamfuata. Ilimfuata.

Aliporudi hakuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Akaniuliza basi langu linaondoka saa ngapi. Nilipomjibu, akasema muda upo. Kuna njia watoto wanayopita kwenda shule, wakati wa masika kijito hujaa na wanalazimika kuzunguka juu, na hakuna mtu wa wilayani aliyewahi kuiona kwa macho. Alitaka tuipite yote, njia ya kiangazi na ile ya kuzungukia, na tupime urefu wa kila moja. Nilimlipa mama wa kibanda cha chai, nikaangalia chaji ya simu, tukaondoka.